Kwa mdogo wangu wa Malindi

Juzi binti wa miaka 16 aliniandikia kutoka Malindi: "Dada, nimeona mwimbaji wa ng'ambo amejitangaza kuwa anapenda wanawake wenzake, watu wakampigia makofi. Na mimi nimwambie mama?" Ujumbe ule nimeusoma mara nne. Nilijiona mwenyewe mle ndani.

Mwaka 2018 nami nilikuwa na miaka 16, hapa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Aprili ile filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, ya wasichana wawili wanaopendana, Kena na Ziki, ilipigwa marufuku nchini. Mei ikaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Septemba mahakama ikairuhusu kwa siku 7, na Nairobi watu wakajaa kumbini. Mimi nilikuwa na kionjo chake tu, kwenye simu ya kaka, sauti chini, nimejifunika leso gubigubi. Kena na Ziki wanatazamana. Niliwarudia mpaka bando likaisha.

Kabla ya hapo nilikuwa na neno moja, shoga. Nyumbani mama alimwita hivyo jirani yake wakichagua mchele barazani, na lilikuwa neno tamu. Shuleni neno lilo hilo alirushiwa kama jiwe mvulana mmoja mwenye mwendo wa madaha. Mimi sikuwamo, si katika neno la mama wala la mvulana. Wale wasichana wawili, Wakenya, wanaoongea kama sisi, ndio walionijulisha kwamba nipo. Shukrani hiyo siifichi.

Ila walinitia na haraka. Tarehe 21 Mei 2019 Binyavanga Wainaina alifariki, mwandishi Mkenya aliyejitangaza kuwa shoga tangu 2014. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu ikakataa kukifuta kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja, chenye adhabu ya hadi miaka 14 jela. Juni ikiisha, mwimbaji Lil Nas X naye akajitangaza Marekani, wimbo wake ukiwa namba moja. Nikaamini kwamba asiyesema ni mwoga. Alasiri moja nikamwambia binamu yangu, tumekaa gatini. Haikuadhiniwa Isha habari ilishafika mtaa wa Mkomani.

Mama hakunipiga. Aliacha kula nami sinia moja. Miezi minane nilikula peke yangu jikoni, na mpaka leo nikisikia vyombo vikigongana naumia.

Baadaye nilijifunza kushona, nikahama, na sasa kodi nalipa mwenyewe, sina deni la mtu. Ijumaa mama hunipigia simu. Hatulitaji jambo lile, lakini huniuliza nimekula nini.

Basi nisikilize. Mwimbaji yule ana wakili, ana nyumba, ana mlango wa kufunga. Wewe unakula chungu cha mama yako. Tazama filamu, imba nyimbo, zikuonyeshe kwamba hauko peke yako, lakini zisikupangie siku ya kusema. Filamu hukatwa mahali pazuri. Asubuhi ya pili yake haionyeshwi. Soma kwanza. Pata kazi ya mikono yako. Kunyamaza sasa si uongo, na asikwambie mtu kwamba wewe ni pungufu kwa sababu umenyamaza. Mwenyezi Mungu anakujua ulivyo kabla hujajijua. Soma, nasema tena, soma.

Na namba uliyotumia kuniandikia, picha yake ni ya mama yako. Futa ujumbe huo sasa hivi, na jibu langu pia.