Risasi za kiwandani zinazolenga vizuri kwa .223 ya wanyama wadogo

Mkuu umeuliza ununue boksi gani la dukani ili bunduki yako ya kaliba ya .223 ipige ndani ya inchi moja kwa yadi 100, maana ulizonazo zinatawanyika. Anayekujibu "chukua Hornady" au "chukua Federal" (kampuni za risasi) bila kukuuliza msokoto wa mtutu wako, yaani mifereji ya ndani inazungusha risasi duara moja kila inchi ngapi, mpotezee kwanza.

Pima hivi: funga kitambaa kibane kwenye fimbo ya kusafishia (iwe ya mpini unaozunguka), weka alama, isukume ndani mpaka alama izunguke duara zima, inchi zilizoingia ndo msokoto wako. Bunduki nyingi za boliti za zamani ni 1:12 (duara moja kila inchi 12), hizo chakula chake ni vichwa vya risasi vya greni 40 mpaka 55 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), ukizipa zile za 69 au 77 za mashindano hazitulii hewani, zinaingia kwenye karatasi kiubavu na tundu linatoka refu. 1:9 inabeba mpaka 69 hivi, 1:8 na 1:7 zinabeba nzito zaidi. Halafu kinachosumbua hasa ni urefu wa kichwa sio uzito, ndo maana vichwa vya shaba tupu visivyo na madini ya lead vinaweza kugoma kwenye 1:12 hata kama boksi limeandikwa 55, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko lead na kichwa kinakuwa kirefu.

Ukishajua hapo nunua boksi mojamoja za uzito tofauti, zenye ncha ya plastiki kama V-Max au Ballistic Tip. Yangu ni 1:9, V-Max ya 55 matundu yanagusana, ya 40 ambayo ina kasi zaidi inatawanya kabisa, na jamaa yangu mwenye modeli ileile yake inataka hiyo 40! Mtutu ni kama mtoto mchagua chakula, huwezi kumpangia.

Zile za bei rahisi za mtindo wa kijeshi, zilizofunikwa koti lote, achana nazo. Mara nyingi hazipangi matundu pamoja, na kwa mnyama mdogo zinapita tu au zinadunda chini na kuruka kwingine, wakati za varmint (za wanyama wadogo waharibifu) zinapasuka zikigusa ardhi. Na kama boksi limeandikwa 5.56 NATO usitie kwenye chemba ya .223 Remington, presha yake inaweza kuzidi.

Kwenye kujaribu ndo watu wanajidanganya. Risasi tatu zikikaa pamoja mtu anapiga picha anatangaza, piga tano, rudia siku nyingine ndo uamini. Kaza skrubu za skopu kwanza. Egemeza kwenye mifuko ya mchanga, acha mtutu upoe hasa kama ni mwembamba, na ukitoka kusafisha au ukibadilisha aina usihesabu zile chache za mwanzo.

Ukipata inayokaa angalia namba ya loti (mkupuo mmoja wa kiwandani) kwenye boksi, ununue nyingi za loti hiyohiyo kadiri mfuko unavyoruhusu, maana loti nyingine ya jina lilelile inaweza kuhamisha shabaha au kupanua kundi la matundu, hiyo imenitokea na kampuni yenye jina kabisa.

Pima msokoto basi utuambie, na useme mtutu ni mnene au mwembamba.