Jibu: Chakula kisicho na kemikali kwa bajeti ndogo

Dada, umeuliza uanzie wapi ikiwa pesa haitoshi kununua kila kitu kisicho na dawa. Anza na mboga za majani, maana jani linalopigwa dawa ndilo hilo hilo linaloliwa. Nazi, ndizi, mihogo na malenge endelea kununua soko la Kongowea, maganda yanatupwa.

Mchicha na sukuma panda kwenye gunia la kilo 90: makarai mawili ya udongo kwa karai moja la samadi, na nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini. Samadi iwe imeoza kabisa, mbichi huunguza mizizi. Kinachowashinda wengi hapa Mombasa ni maji ya kisima. Mengi yana chumvi. Kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, mtu akadhani ni ugonjwa. Kinga maji ya mvua, au tumia ya mfereji (bomba).

Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakiingia, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, kwani jua huiua nguvu. Na muuzaji asikwambie ati jani lenye matundu halijapigwa dawa. Huenda wadudu walitangulia tu, dawa ikaja baadaye.