Kabla hujawasha kichujio kwenye kamera ya matukio

Siku ya kwanza nilipounganisha kamera ya matukio, ile inayoripoti mabadiliko ya mwanga tu, na kompyuta, niliielekeza ukutani. Hapakuwa na kinachosogea, nikategemea kuona skrini tupu. Badala yake ukuta mzima ulichemka vidoti, vyeupe kwa vyeusi. Nilihangaika na programu saa nzima. Kumbe ni taa ya dari! Kwenye umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), taa nyingi huongezeka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera hii inaona.

Ndivyo ilivyoundwa. Kamera ya kawaida hupiga fremu nzima, tuseme 30 kwa sekunde, hata kama hakuna kilichobadilika. Hapa kila pikseli inajitegemea: inakumbuka kiwango cha mwanga ilichoripoti mara ya mwisho, na tofauti ikivuka kizingiti inatuma tukio moja lenye mahali, wakati, na kama mwanga umepanda au umeshuka. Basi. Wazo limetoka kwenye retina ya jicho. Watafiti Misha Mahowald na Carver Mead ndio walioliweka kwenye silikoni huko chuo cha Caltech, Marekani. Leo chipu kama IMX636 ya Sony, iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya Prophesee, ina pikseli 1280 kwa 720, na humo humo ndani kuna vichujio: cha kuzuia mpepeso wa taa (huko kuongezeka na kufifia), cha kupunguza kelele, na kidhibiti cha wingi wa matukio.

Hapo ndipo nataka uwe makini, maana mimi pamenigharimu.

Nilikuwa napima mtetemo wa mota ndogo. Nikawasha kichujio cha mpepeso, skrini ikatulia kama maji mtungini, nikafurahi. Nikarekodi siku mbili. Nilipochora grafu ya masafa, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde, mtetemo nilioutafuta haumo. Mota ilikuwa inatetemeka karibu na hezi 100, palepale taa zinapopepesa. Kichujio hakijui taa wala mota, kinajua mdundo tu. Na kilichochujwa ndani ya chipu hakirudi, kwa sababu hakikufika kwenye kompyuta hata mara moja. Ilibidi nianze upya, safari hii chini ya taa isiyopepesa na kichujio kimezimwa.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kazi yoyote, narekodi sekunde kumi vichujio vyote vikiwa vimezimwa. Naitazama ile rekodi ghafi na kujiuliza kelele inatoka wapi. Ikiwa ni taa, nabadilisha taa kwanza. Kisha nawasha kichujio kimoja, narekodi tena, nalinganisha. Usiwashe viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimekula nini.

Kidhibiti cha wingi nakiogopa zaidi ukiwa unahesabu vitu. Matukio yakizidi kikomo, kinayatupa mengine, maana yake hesabu yako itaharibika hasa pale kazi inapopamba moto. Kizingiti nacho ukikipandisha sana, kelele inapungua kweli, lakini kingo hafifu zinaondoka nayo. Gizani kelele huongezeka yenyewe, hivyo rekebisha kizingiti katika mwanga utakaofanyia kazi, si ule wa mezani kwako.

Kuhusu kufokasi lenzi: kitu kilichotulia hakionekani kabisa, na ukikitikisa kinakuchanganya. Weka mbele ya lenzi simu inayoonyesha mchoro unaowaka na kuzima, uzungushe lenzi mpaka kingo ziwe nyembamba. Vichujio viwe vimezimwa hapo pia, la sivyo kile cha mpepeso kinaweza kuufuta mchoro wenyewe.

Sisemi usivitumie. Kwenye kifaa cha betri, chenye prosesa ndogo isiyoweza kumeza mamilioni ya matukio kwa sekunde, mimi mwenyewe naviwasha vyote vitatu. Ila ile rekodi ghafi ya sekunde kumi huwa tayari iko kwenye diski, na nimeshaitazama.