Kabla hamjampelekea meneja asilimia 99

Wadogo zangu, juzi nimemkuta kijana wetu mpya akiifurahia modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa picha za kamera kutambua vifuniko vibovu vya chupa za maji, kwa kuwa imefikisha usahihi wa asilimia 99, nami nikaona niyaandike haya kabla hajaipeleka ripoti.

1. Usahihi peke yake hautoshi. Katika vifuniko 1,000 vyenye vibovu 5, programu inayosema "kizima" kwa kila kifuniko hupata asilimia 99.5 bila kukamata kibovu hata kimoja. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mtwara nilikosea vibaya zaidi. Nilipiga picha zote asubuhi moja, vifuniko vyote vya tundu moja la kalibu (chuma ambamo plastiki ya moto hupata umbo la kifuniko), na kila kifuniko nikakipiga mara tano au sita huku nikikigeuza. Kisha nikazichanganya picha na kuzigawa kwa bahati nasibu, hizi za kufundishia, zile za kupimia. Kwa hiyo modeli ilipimwa kwa vifuniko vilevile ilivyokwisha kuviona. Meneja akaniamini, na akina mama wawili waliokagua kwa macho mwishoni mwa mkanda wakahamishiwa kwenye kufungasha. Siku ya tatu umeme ulikatika, ukarudi, na mashine ikaanza kutoa vifuniko ambavyo plastiki haikujaza ukingo wa ndani. Kamera ikavipitisha vyote. Katoni za maji zilifika Lindi zimelowa chini, na mwenye duka mmoja akaibinya chupa mbele yangu, maji yakamtiririka vidoleni, asiseme neno. Niliporudi, mmoja wa wale akina mama alipitisha ukucha ukingoni mwa kifuniko, akaniambia, "Mwanangu, umeme ukirudi kalibu huwa bado baridi, vya kwanza vyote hutoka hivi. Mbona hukutuuliza?" Swali hilo sijalisahau.

2. Gawanyeni picha kwa kundi la uzalishaji na kwa zamu, ili vifuniko vya kundi moja visiwe vya kufundishia na vya kupimia pia.

3. Ifunikeni kamera ili jua la dirishani lisiingie. Ukingo usiojaa huonekana taa ikiwa nyuma ya kifuniko, na mikwaruzo huonekana taa ikiwa pembeni.

4. Hesabuni vibovu vilivyopita peke yake, na vizima vilivyokataliwa peke yake. Kwa vibovu vya kupimia, yule mama bado yupo zamu ya asubuhi, na ana kiroba cha korosho alichokijaza vifuniko vya kila aina ya kasoro, vya miaka mingi. Mwamkieni kwanza, kisha mwombeni awaonyeshe kimoja kimoja.