Umepata nyumba Roma? Uliza kwanza, ndipo ulipe

Msomaji kaniandikia juzi: "Dada, mimi na mume wangu tunakwenda kuhiji Roma, tumeona apatimenti nzuri katikati ya mji. Tulipie?" Nikamuuliza, ina lifti? Hajui. Sisi tukishaona picha ya kitanda na pazia tunatuma hela. Acheni hiyo.

Majengo mengi pale katikati yalisimama kabla lifti haijabuniwa. Ikiwepo, ilipachikwa baadaye katikati ya ngazi: mkiingia wawili mmebanana, sanduku lisubiri zamu yake.

La umeme ndilo lililoniuma. Nyumba nyingi Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3 tu, yaani ukiwasha vitu vingi vizito kwa pamoja, umeme unajikata. Oveni inachoma kuku, mashine ya kufulia inazunguka, nikawasha na hita ya maji. Giza! Swichi za ndani zote ziko sawa, maana kilichokata ni mita yenyewe, na mita iko chini kabisa kwenye mlango wa jengo, imepangwa ukutani pamoja na za majirani. Nikashuka na kanga yangu na tochi ya simu. Mwenye nyumba alipofika akanifokea mbele ya watu kana kwamba sijawahi kuona umeme. Mimi, mtoto wa Upanga! Angenionyesha mita siku ananipa funguo, yasingefika huko. Ndugu yangu, siku ya kwanza kabisa omba uonyeshwe mita. Na washa kimoja kimoja.

Baridi nayo ina tarehe zake. Kwa Roma, mfumo wa kupasha jengo joto kwa kawaida huwashwa kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, na si zaidi ya saa 12 kwa siku. Ukifika mwisho wa Oktoba, lalamika mpaka uchoke. Sakafu ni marumaru au vigae, kwa hiyo beba soksi nzito na ndala.

Pasipoti utaombwa, usinune. Sheria inamtaka mwenyeji apeleke taarifa zako polisi. Kuna pia kodi ya jiji, kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa. Kile kibeseni kando ya choo ni cha kutawazia. Watu wa pwani mtakipenda.

Kwa mahujaji, mimi ningetafuta nyumba ya wageni ya masista: safi, tulivu, bei ya kibinadamu. Ila nyingi zina saa ya kufunga mlango, uliza kabla hujatoka kwenda kula, maana migahawa mingi haianzi kupika cha jioni kabla ya saa moja usiku.