Mshenga akiuliza kama kwenu kuna kichaa

SWALI: Shikamoo mshauri. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alilazwa Mirembe, Dodoma, baada ya kuanza kusikia sauti za watu wasioonekana, na madaktari walituambia ni skizofrenia. Amerudi nyumbani Tanga ametulia, anameza dawa na anahudhuria kliniki. Hata hivyo, mtaani wanamwita "Milembe", mwenye karakana anasema hawezi tena kumkabidhi mashine, na mama amemtengea sahani na kikombe chake, na wageni wakija humwomba abaki chumba cha uani. Mimi nimeposwa, na juzi mshenga alimuuliza shangazi yangu kwa siri kama kwetu kuna kichaa. Shangazi alijibu kwamba kijana alipatwa na malaria iliyompanda kichwani. Tufanye nini ili watu waache kumnyanyapaa, nami niwaambie nini upande wa mchumba wangu?
Dada wa mgonjwa, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Niruhusu nianzie ndani ya nyumba kabla ya kutoka mtaani, kwa sababu majirani hujifunza namna ya kumtendea mgonjwa kwa kutazama jinsi watu wake wanavyomtendea. Skizofrenia haiambukizi kwa mate, kwa vyombo wala kwa kulala chumba kimoja, kwa hiyo sahani iliyotengwa haimkingi mtu yeyote na maradhi, ila humjulisha kila anayeingia uani kwamba kijana huyu ametolewa katika hesabu ya watu wa nyumbani. Zungumza na mama kwa upole. Wazazi wengi huwaficha watoto wao kwa kuwahurumia wasichekwe, na wengine wamebebeshwa lawama kwamba mtoto amerogwa au kwamba wao wenyewe walivunja mwiko. Ugonjwa huu hutokana na mchanganyiko wa urithi, mabadiliko katika ukuaji na utendaji wa ubongo, na mambo ya maisha, ikiwemo matumizi makubwa ya bangi wakati wa ujana. Malezi ya mama hayakuuleta. Mpeleke kliniki siku moja alisikie hilo kwa daktari, maana likitoka kinywani mwako atadhani unamfariji tu.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Dawa za zamani kama haloperidoli na klorpromazini, ambazo bado hutumika sana katika hospitali zetu, zinaweza kumfanya mgonjwa akakamae mwili, atetemeke mikono, atembee kwa kuburura miguu, atokwe na udenda au ashindwe kutulia kwenye kiti. Jirani akiyaona hayo husema kijana bado hajapona, ilhali anachokiona ni dawa. Ikiwa mdogo wako ana dalili hizo, asiache kumeza dawa kimyakimya, kwani wengi wamerudi wodini kwa njia hiyo. Amweleze daktari, ambaye anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa au kumwongezea nyingine ya kupunguza mtetemo na mkakamao.

Kwa fundi wa kuchomelea, jambo hilo ni la riziki. Mwenye karakana anayeuliza kama mkono wa fundi wake umetulia ana haki ya kuuliza. Anayekataa kwa sababu tu amesikia neno "Mirembe" anabagua. Mwombeni daktari, kwa ridhaa ya mdogo wako, aandike kwamba anaweza kurudi kazini, kisha mpendekezee mwenye karakana aanze naye kwenye kupima, kukata na kupaka rangi, na mashine ya kuchomelea ifuate baada ya wiki kadhaa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi kadhaa, ukiwemo ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya kuajiriwa. Ni vizuri kuzijua, ingawa nakiri kwamba karakana ya watu wanne chini ya mwembe haiendeshwi kwa vifungu, na mtu anayeheshimiwa na mwenye karakana huenda akafanikisha zaidi kuliko barua ya kutishia kushtaki.

Ama kuhusu mtaa, usitegemee sana mabango na hotuba. Mwaka 2022 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la The Lancet, ambayo ndani yake walikuwemo watu waliopitia magonjwa ya akili, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba njia yenye ushahidi mkubwa zaidi wa kupunguza unyanyapaa ni watu kukutana na kushirikiana na mtu aliyeugua. Mkoani kwenu mna mfano wa karibu. Hospitali ya Kilutheri ya Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, imekuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani, na kazi za mikono na za shambani, chai ikiwemo, zimekuwa sehemu ya tiba yao. Basi mdogo wako naye aonekane akifanya mambo ya kawaida: aende msibani na wenzake wakafunge maturubai, atumwe dukani, awaandalie wageni kiti badala ya kufichwa. Wanaomwogopa wajue kwamba wengi wenye ugonjwa huu hawamdhuru mtu, na kwamba wao wenyewe ndio wanaopigwa na kuibiwa mara nyingi zaidi. Lakini habari za maradhi yake ni mali yake. Msizitangaze kwa nia njema bila kumwuliza.

Sharti hilohilo linahusu posa yako. Mwombe ruhusa mdogo wako, kisha mwambie mchumba wako wewe mwenyewe, kabla ya mahari kupokelewa, kwa sababu ile malaria ya shangazi haitapita mwaka bila jirani kuikanusha. Mpe na hesabu, maana woga mwingi hapa ni wa watoto watakaozaliwa. Kwa wastani mtu mmoja hivi kati ya 100 hupata skizofrenia maishani. Kwa mtu ambaye mjomba wake anayo, tafiti za familia hukadiria watatu au wanne kati ya 100. Wewe, uliye ndugu wa tumbo moja, uwezekano wako unakaribia tisa kati ya 100, ingawa hupungua kadiri umri unavyosogea, kwani ugonjwa huwaanza wengi kati ya mwisho wa ujana na miaka 30. Akikuacha baada ya kuyasikia hayo, itauma, ila naona ni nafuu kuliko kuachwa ukiwa na watoto wawili, siku mjomba wao atakapolazwa tena.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kikoba cha wanawake. Tumesikia kwamba mwenzetu ana ugonjwa wa baipola, na wanachama wanataka arudishiwe hisa zake aondoke, wakidai hakopesheki. Hajawahi kuchelewesha marejesho. Nifanyeje?
Mwenyekiti, Dar es Salaam

JIBU: Mkopo hupimwa kwa hisa, marejesho na wadhamini, na kwa yote hayo mwenzenu ni mwanachama mzuri. Wasiwasi wenu una chembe ya ukweli: mwenye baipola akiingia katika kipindi cha kuchangamka kupita kiasi anaweza kukaa bila usingizi, akajawa na mipango mikubwa na kukopa au kugawa fedha ambazo baadaye atazijutia. Yeye anaijua hatari hiyo kuliko ninyi. Zungumza naye faraghani, umwulize angependa kikundi kimsaidie vipi. Kisha wekeni kanuni ya wanachama wote, kwamba mkopo unaozidi kiwango mtakachokubaliana unahitaji mdhamini wa pili na wiki moja ya kusubiri, ili asiwepo anayenyooshewa kidole. Ulizaneni pia habari hizo zilifikaje kikundini. Kama si yeye aliyezitoa, aliyezieneza amwombe radhi. Kuhusu hisa, fungueni katiba yenu: ikiwa sababu za kumwondoa mwanachama ni kutolipa, utoro wa vikao na wizi, basi ugonjwa haumo, na wewe kama mwenyekiti usiruhusu kura hiyo ipigwe.