Mita Mbili, Bomba Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, kiwanda chetu cha juisi kinanunua maji ya mamlaka. Dira ya mamlaka, ambayo ni ya zamani na ya kuzunguka (maji huzungusha kifaa ndani yake), iko getini. Nasi tumefunga mita ya sumakuumeme, inayopima mwendo wa maji kwa sumaku na umeme bila kifaa cha kuzunguka, karibu na matangi. Kila mwezi dira ya getini husoma zaidi ya mita yetu kwa takriban asilimia 6. Fundi aliikagua mita yetu kwa kompyuta akasema ni nzima. Tutajuaje ipi ni sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, ukaguzi wa kompyuta huangalia koili (nyaya zinazotengeneza sumaku), elektrodi (vipande vya chuma vinavyopokea ishara ya umeme) na saketi za mita, wala haupitishi maji ya ujazo unaojulikana; kwa hiyo mita inaweza kufaulu ukaguzi huo na bado ikasoma vibaya kwa sababu ya utando ndani ya bomba au kona iliyo karibu mno. Watengenezaji wengi hutaka bomba lililonyooka kabla ya mita kwa urefu usiopungua kipenyo mara 5, yaani milimita 500 kwa bomba la inchi 4.

Kwanza fungeni valvu iliyo kabla ya mita yenu wakati uzalishaji umesimama, mkaitazame dira ya getini. Ikiendelea kuzunguka, kuna uvujaji au mchepuko (bomba la pembeni linalochukua maji) katikati.

Isipozunguka, tumieni uzito kama mwamuzi. Kodini gari la maji, lipimeni likiwa tupu kwenye mizani iliyohakikiwa, lijazeni kwa maji yanayopita katika mita zote mbili huku matumizi mengine yamefungwa, kisha lipimeni tena bila kuongeza dizeli wala kubadilisha watu waliomo. Mpira wa kujazia uwe umejaa maji kabla ya kuandika tarakimu za mwanzo, na uwe umejaa vilevile mnapofunga. Tuseme uzito umeongezeka kilo 10,000 na maji yana nyuzi joto 28: ujazo wake ni takriban lita 10,050, si 10,000, kwa kuwa maji ya joto hilo ni mepesi kidogo na hewa nayo hupunguza uzito unaosomeka. Mita ikionyesha lita 10,350, imezidisha kwa karibu asilimia 3. Pendekezo R 49 la shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, linaruhusu dira mpya ya daraja la 2 la usahihi kukosea asilimia 2 tu katika mtiririko wa kawaida, na asilimia 5 katika mtiririko mdogo sana. Rudieni jaribio kwa mitiririko tofauti, kwani dira iliyochakaa mara nyingi husoma pungufu maji yanapopita polepole.

Mita zote mbili zikikubaliana na mizani ilhali tofauti ya kila mwezi inabaki, ningeshuku hewa. Maji ya mgao yanaporudi, hewa iliyomo bombani husukumwa mbele na kuizungusha dira ya getini, wakati mita ya sumakuumeme iliyowekewa kitambuzi cha bomba tupu husoma sifuri. Andikeni tarakimu za mita zote mbili maji yanapokatika na yanaporudi, kwa majuma kadhaa, na mziambatanishe na vipimo vya mizani mnapoiandikia mamlaka kuomba dira ipimwe. Msiiguse lakiri yake: kuifungua na kuihakiki upya ni kazi ya mamlaka na Wakala wa Vipimo, ambao wana kituo cha kupimia dira za maji Misugusugu, Kibaha.